Siku Abasi Alipoizika Nyumba ya Apolinaria

Nyumba ya Apolinaria pale Cheyo ilichangia ukuta na nyumba ya Abasi. Usidhani zilikaribiana tu. Ukuta ni huohuo mmoja: upande huu Apolinaria ametundika rozari yake, upande wa pili Abasi ametundika kofia yake ya reli, na huyu akigongomea msumari vumbi linamwangukia yule. Mtu akikohoa huku, kule wanajua kifua kimembana.

Aliyezijenga zote mbili ni baba mkwe wa Apolinaria, mpagazi. Mara tisa alikwenda Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, na mara tisa akarudi kwa miguu yake na mitumba ya kaniki. Akajenga kama walivyojenga watu wa njia ile: kuta nene za udongo, boriti za mninga, na juu paa la udongo lililolala bapa kama kitanda. Nyumba moja yake, moja ya mdogo wake. Mdogo mtu alipofariki bila kuacha mtoto, akaja kukaa humo Abasi, Mzaramo wa Kisarawe, aliyeletwa Tabora na kazi ya reli akasahau njia ya kurudi kwao.

Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kubadili mapaa. Abasi aliweka bati. Yoramu wa ng'ambo ya barabara, Mmoravian wa Sikonge anayeuza asali, naye akaweka bati. Apolinaria hakuweka. Si kwamba alishindwa tu, hakutaka. Tangu aolewe akaletwa kwenye nyumba ile, miaka thelathini na minne, halijamdondokea tone. Wenye bati mvua ikinyesha walikuwa hawasikilizani ndani, wanapigiana kelele kama wako kiwandani, na Apolinaria yuko kwake anashona kimya. "Nyumba yangu haisemi hovyo," alikuwa akisema, "kama mwenyewe."

Na kweli hakuwa msema hovyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea shingo wima hata akiwa na mtungi kichwani, na anayeona kuomba ni kuvua nguo sokoni. Jirani akimletea kitu leo, kesho atarudisha kikubwa zaidi, hata kama yeye analala na uji. Tena alikuwa na neno lake moja ambalo mtaa mzima walilijua: "Nani kakuita?"

Sasa, kati ya Apolinaria na Abasi palikuwa na jambo, na jambo lenyewe ni hili.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Hilo halikuanza jana, lilianza na misafara, tangu wazee wetu wanashuka pwani na kukuta wenyeji wa huko. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakula kuku wako, wewe unacheka. Na ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, anachimba kaburi na kufanya vituko ili waliofiwa wasife na huzuni. Basi Hilari, mume wa Apolinaria, alipofariki, Abasi alifika na kufanya kazi yake ya utani. Aliingia ndani, akavaa koti la Hilari, lile la rangi ya kahawa lenye kiraka kwenye kiwiko, akatoka nalo uani. Akatembea kama Hilari, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, akakohoa kama Hilari, akasimama mbele ya Apolinaria na kusema kwa sauti ileile ya marehemu: "Mama Benedikta, ugali uko wapi? Mtu anakufa na njaa humu?"

Waombolezaji wakacheka machozi yakiwatoka. Ndivyo inavyotakiwa.

Apolinaria hakucheka. Alisimama, akamvua Abasi lile koti mbele za watu kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka, akachukua beseni la maji waliyonawia mikono, akammwagia kifuani. "Toka kwangu," alisema.

Watu waliinama. Maana kumkasirikia mtani msibani ni kosa, na kila mtu pale alilijua, na Apolinaria mwenyewe alilijua kuliko wote. Na dawa yake pia aliijua. Ni kumwendea mtani wako na kumtukana vizuri, mkacheka, yakaisha. Siku ya pili hakwenda. Ya tatu hakwenda. Baadaye ikawa wiki, na kila siku iliyopita kwenda kulizidi kuwa kugumu. Ikawa miaka mitatu. Walikuwa na tundu ukutani, usawa wa meko, ambamo Siwema mke wa Abasi na yeye walikuwa wakipitishiana makaa ya moto asubuhi na siku nyingine kibakuli cha mboga. Apolinaria alilikandika udongo mwenyewe. Hata kwenda misani alianza kuzunguka nyuma, asipite mbele ya baraza la Abasi.

Ulipofika mwaka wa pili tangu vita vya Hitla viishe, mwezi wa kumi, akaja Bwana Afya. Si mzungu, ni mtu wetu, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na daftari kwapani, mwenye adabu zake. Akasalimia, "Shikamoo, mama," akaingia, akatazama juu muda mrefu. Mle ndani boriti zilikuwa zimeanza kuweka madoa. Tangu Hilari afariki paa halikuwa limepigwa upya, na paa la udongo linataka kupigwa kila baada ya miaka miwili.

"Mama," alisema, "amri imetoka. Nyumba za udongo juu zinazovuja zinavunjwa. Unyevu, panya, maradhi. Nitarudi mvua zikianza. Nikikuta tone moja, nitaweka alama mlangoni."

"Na usipokuta?"

"Nisipokuta, naandika nzima. Lakini mama, hizi zote zinavuja."

"Hizo zote si hii," alisema Apolinaria.

Bwana Afya alipotoka, alipima ukuta kwa macho akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba hii ikivunjwa na boriti za jirani zitakosa pa kulalia. Abasi alikuwa barazani kwake. Alisikia. Aliendelea kutengeneza kiti chake.

Habari zikapanda treni zikafika Bukene, kwa Benedikta, binti yake Apolinaria aliyeolewa huko. Akatuma mtu: mama aache ukaidi, nyumba yenyewe imechoka, aje Bukene akae na wajukuu. Apolinaria akamjibu mjumbe palepale, "Mwambie sijafa. Bukene nikafanye nini, nihesabu mabehewa?"

Akaanza kazi peke yake.

Kupiga paa kuna namna yake. Udongo unatoka kwenye kichuguu, maana mchwa wamekwisha kuusaga, ukichanganywa na majivu na mavi ya ng'ombe unashika kama saruji. Unapandishwa juu, unatandazwa, unamwagiwa maji, halafu watu wanane wanasimama mstari mmoja ukuta hadi ukuta, kila mmoja na kibao cha mninga chenye mpini, wanapiga pamoja kwa wimbo na kurudi nyuma nusu hatua, nusu hatua, mpaka mwisho wa paa. Na lazima liishe siku hiyohiyo, wakati lote lina unyevu mmoja. Ukipiga nusu leo na nusu kesho, panabaki mshono. Mshono unapasuka. Mpasuko unaingiza maji. Hakuna njia ya mkato hapo.

Vile vibao vinane vilikuwa ndani kwa Apolinaria, vya baba mkwe wake, Hilari alikuwa akivipaka mafuta ya nyonyo kila mwaka. Apolinaria akatoa kimoja, saba vikabaki vimening'inia.

Siku ya kwanza alibeba udongo kutoka kichuguu cha ng'ambo ya reli, karai kichwani, shingo wima. Mtaa unamtazama. Yoramu akatoka na toroli lake la kubebea mitungi ya asali.

"Shikamoo, mama. Ngoja nikusogezee hata mara mbili tatu."

"Marahaba. Nani kakuita, Yoramu?"

"Hakuna aliyeniita, mama. Nimeona tu."

"Basi endelea kuona."

Yoramu akageuza toroli. Na wengine waliokuwa wamekwisha kukunja kanga zao viunoni wakazikunjua, maana kama Yoramu mwenye ulimi wa asali amerudishwa, nani mwingine atapokewa?

Siku nne akapanda na kushuka ile ngazi, mwanamke wa miaka sitini. Kibao kimoja juu ya paa zima: pu, kimya, pu, kimya. Ndani kwa Abasi walikuwa wakiusikia mdundo ule kupitia ukutani, na Siwema alikuwa akimtazama mumewe kila ukilia, na mumewe anatazama chai yake.

"Utakunywa hiyo chai au utaiombea?" Siwema alimuuliza.

"Namsikiliza."

"Unasikiliza nini? Mwanamke mmoja anapiga paa la watu wanane."

"Ndicho ninachokisikiliza," alisema Abasi.

Siku ya tano Apolinaria alipanda asubuhi akakuta mipasuko. Sehemu ya siku ya kwanza imeachana na ya pili, ya pili na ya tatu, unaweza kuingiza kidole. Alikaa juu pale amekunja miguu, kibao mapajani. Kusini, kwenye miti ya Sikonge, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mchana mchana. Alijua zimebaki siku chache, na alijua ni nini kinachotakiwa. Watu wanane. Yaani ashuke, aende mlango hadi mlango, aseme nisaidieni. Na mlango wa kwanza, kwa haki ya ukuta, ni wa Abasi. Akashuka. Akaingia ndani akafunga mlango. Siku mbili hakuonekana.

Jumamosi, jua ndiyo kwanza limetoka, mtaa ukasikia mayowe.

"Uwiii! Jamani, njooni! Amekufa! Amekufa mkubwa wa mtaa huu!"

Ilikuwa sauti ya Abasi, mbele ya mlango wa Apolinaria. Watu wakatoka wanakimbia, huyu na mswaki mdomoni, yule kanga haijakaa. Yoramu alifika na kiatu kimoja na kitabu cha nyimbo mkononi. Kila mmoja akajua ni Apolinaria, siku mbili hajaonekana, mzee wa watu kajifia peke yake. Siwema alikwisha kuanza kulia, na Siwema alikuwa analia kweli, maana mumewe hakuwa amemwambia kitu. Abasi amesimama pale amejifunga shuka jeupe, jembe begani, ndoo ya maji miguuni, analia kwa sauti ya mtu aliyelipwa.

Mlango ukafunguliwa. Apolinaria akasimama kizingitini.

"Nani kafa?"

Yoramu aliangusha kitabu.

"Nyumba yako," alisema Abasi, akakata kilio palepale kama mtu aliyefunga bomba. "Nimeichungulia jana, imepasuka uso wote, haipumui. Mimi ni mtani wako, na kuzika ni kazi yangu. Tunaitupia udongo juu, maji juu, tunaushindilia. Wewe ni mfiwa. Kaa kwenye mkeka ulie. Mfiwa hashiki jembe."

"Abasi. Nani kakuita?"

"Msibani mtani haitwi. Tungekuwa tunasubiri kuitwa, nyinyi wabeba mizigo mngeoza wote njiani, toka hapa mpaka Bagamoyo."

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanamtazama Apolinaria. Siwema alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Abasi akashusha jembe. Akasema taratibu, si kwa sauti ile ya vituko, "Maji nilikwisha kumwagiwa, mtani. Miaka mitatu nimeanikwa, nimekauka. Kama una beseni jingine, lilete."

Apolinaria akageuka akaingia ndani.

Yoramu akarudi nyuma hatua mbili. Mtu mmoja akasema, "Anakwenda kulichukua." Wakasikia vitu vinagongana huko ndani. Abasi hakusogea, ila alifumba macho, kama mtu anayesubiri baridi.

Apolinaria akatoka. Mikono imejaa. Akavibwaga vibao chini mbele ya miguu ya Abasi, vyote vinane, vikalia kwenye udongo mkavu.

"Mzaramo wewe," alisema, na sauti yake ilikwama kidogo mwanzoni, kama bawaba ya mlango uliokaa bila kufunguliwa. "Tangu lini mtu wa pwani akajua kazi ya udongo? Kwenu mnalala chini mdomo wazi mnasubiri nazi idondoke. Shika hiki, chenye mpini mfupi, hiki tunawapa wasichana wari. Kisije kikakuvunja kiuno ukasingizia nyumba yangu imekuua."

Mtaa ukapasuka kwa kicheko. Siwema alipiga vigelegele mpaka mbwa wa barabara ya pili wakabweka. Abasi alicheka huku anajifuta uso kwa lile shuka, anasema, "Ametukana! Jamani mmesikia? Amenitukana!" kama mtu aliyepewa ng'ombe.

"Na mkekani sikai," Apolinaria aliendelea, amekwisha kunyoosha shingo. "Mfiwa hashiki jembe, sawa, nimekubali. Mdomo hamkuniziba. Yoramu! Toroli lako limekufa nalo? Kichuguuni! Siwema, maji. Wewe na wewe, majivu, na yawe ya kuni, sitaki ya makaa."

Hiyo siku wazee wa Cheyo waliisema miaka mingi. Udongo wa zamani ulibanduliwa, mpya ukapanda, na ulipotandazwa wote wakasimama wanane ukuta hadi ukuta: Waislamu, Wakatoliki, na Mmoravian mmoja katikati. Apolinaria alipanda ngazi, akasimama kwenye kona ya paa na fimbo ya Hilari, akaanza wimbo wa Kinyamwezi wa kuyaambia mawingu yapite kama wageni wasiolala. Alikuwa na sauti kubwa. Watu walikuwa wameisahau.

Wakapiga. Nusu hatua. Wakapiga. Nusu hatua. Aliyechelewa alisikia jina lake. "Abasi, unabembeleza au unapiga? Huyo si mkeo!"

"Mnyamwezi, nipe pumzi!"

"Baba mkwe wangu alipumzika mara tisa tu, na zote Bagamoyo. Piga!"

Jua lilipokuwa linaelekea kuchwa paa lilikuwa limelala, jeusi, laini, halina mshono mahali popote. Ungeweza kumlaza mtoto mchanga pale. Walipokula, Siwema na Apolinaria kwenye sahani moja bila kuambizana kitu, Apolinaria alisimama akaingia ndani, akarudi na koti la rangi ya kahawa. Kifungo kilikuwa kimeshonwa. Akamtupia Abasi mapajani.

"Litakupwaya," alisema. "Mwenyewe alikuwa na mabega."

Abasi alilivaa. Kisha akasimama, akaburuta mguu wa kushoto kidogo, akakohoa.

"Mama Benedikta," alisema, "ugali umekwisha?"

Safari hii Apolinaria alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mvua ikafika baada ya siku sita. Ya pili yake ilikuwa kubwa, na ikiwa inanyesha bado, Bwana Afya akabisha hodi na koti lake la mpira. Akaomba kigoda. Akakaa chumba cha kwanza, kichwa juu. Akahamia cha pili. Akanyoosha viganja kama anayeomba dua. Apolinaria alikuwa anashona, hakuinua macho, lakini sindano ilikuwa haiendi popote.

Halafu pale kwenye kona, penye ukuta wa Abasi: to. To.

Bwana Afya akainuka. Akatazama tone, akatazama daftari. "Pole, mama," alisema. "Nilikuambia. Moja tu linatosha."

Apolinaria akaweka chini nguo. Alilitazama tone lilivyokuwa linashuka, si kutoka kwenye boriti, bali linateremka na ukuta. Akamshika yule bwana mkono, bila kumwomba ruhusa, akamtoa nje mvuani mpaka kwenye ngazi. "Panda," alisema. "Kama unaandika, andika ulichokiona."

Bwana Afya akapanda, na kaptura yake iliyopigwa pasi. Paa la Apolinaria lilikuwa linatiririsha maji yote kwenye mlizamu, safi, kama mgongo wa bata. Lakini bati la Abasi, pale lilipolalia ukuta wa kati, lilikuwa limenyanyuka mdomo, na maji ya upande wake yanaruka kuingia ukutani.

"La nani hili?" aliuliza.

"La jirani yangu. La kisasa," alisema Apolinaria kutoka chini.

Bwana Afya akaandika palepale kwenye ngazi, daftari chini ya koti. Akamsomea, maana Apolinaria alitaka asomewe: paa la udongo, halivuji, nyumba nzima. Jirani arekebishe bati. Abasi alikuwa mlangoni kwake na lile koti la Hilari, anasikia yote.

"Mtani! Umenichongea kwa serikali!"

"Bado sijamaliza," alisema Apolinaria.

Mvua ilipokatika mchana alichota udongo wa kichuguu uliobaki chini ya banda, akaukanda na majivu, akapanda tena. Aliondoa kwanza takataka zilizokuwa zimesukuma bati, akalikandamiza, akajaza udongo kwenye kile kiungo mwanzo hadi mwisho wa ukuta, akaanza kuupiga. Ndani, Abasi na Siwema walikuwa wanakula. Vumbi la dari likawaangukia sahanini.

"Nani huko juu?" Abasi aliita. "Nani kakuita?"

"Msibani mtani haitwi," alijibu Apolinaria, akaendelea kupiga.